Kutoka Lubumbashi mpaka mianga ya kaskazini: mwongozo kamili wa safari ya majira ya baridi

Mkaaji wa Lubumbashi anayetaka kuona kwa macho yake mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza mbinguni usiku kwenye nchi za baridi, anahitaji viza ya Schengen (viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya), mbingu isiyo na mawingu, na usiku za kutosha za kuingojea mbingu hiyo. Wengi huweka nguvu zote kwenye viza, wanalipia usiku mbili tu, kisha wanarudi wakiwa wameona mawingu. Hapa tutapanga kinyumenyume: tutaanza na mbingu, tuchague mahali na tarehe, ndipo tushuke Kinshasa kwenye dirisha la viza.

Kinachowaka kule juu

Pamoja na mwanga na joto, Jua hutoa upepo wa chembe zenye umeme unaokimbia mamia ya kilomita kwa sekunde. Upepo huo ukifika duniani, sumaku ya dunia huuelekeza kwenye ncha mbili, kaskazini na kusini. Chembe zinagonga oksijeni na naitrojeni zilizo kati ya kilomita 100 na 300 hivi juu ya vichwa vyetu, na hewa iliyogongwa hutoa mwanga. Oksijeni ya chini, kwenye kilomita 100 na kitu, hutoa kijani, kijani ile ya jiwe la malakiti lililokatwa na kung'arishwa. Oksijeni ya juu, kupita kilomita 200, hutoa nyekundu. Naitrojeni huleta bluu na zambarau, mara nyingi kwenye pindo la chini. Mnorwe Kristian Birkeland alifanya uchunguzi wake kwenye mlima Haldde, kaskazini mwa Norwe, majira ya baridi ya mwaka 1899 kuingia 1900, akaeleza uhusiano wa mianga hii na Jua. Baadaye nchi yake iliweka sura yake kwenye noti ya kroner 200.

Mianga huzunguka ncha ya sumaku kwa umbo la mkanda. Walio chini ya mkanda huiona hata siku ambazo Jua limetulia. Walio mbali hungoja dhoruba kubwa, kama ile ya usiku wa tarehe 10 Mei 2024, ilipopigwa picha mpaka Afrika Kusini. Lubumbashi iko upande wa ikweta, mbali sana na mkanda huo, kwa hiyo kungoja mianga ije kwetu si mpango.

Jambo moja la kukutuliza moyo. Jua lina mzunguko wa miaka kama 11, na Oktoba 2024 NASA na NOAA, mashirika ya Marekani ya anga za juu na ya hali ya hewa, walitangaza kwamba limefika kwenye kipindi cha kilele. Kuna wauzaji wa safari wanaotumia habari hiyo kuwaharakisha watu, eti mwaka huu ndio wa mwisho. Usikope pesa kwa ajili ya maneno hayo. Miaka inayofuata kilele huwa bado na dhoruba nzuri, na chini ya mkanda mianga haikatiki kabisa.

Chagua mahali kwa kuangalia mawingu

Tromsø, kaskazini mwa Norwe, ndipo ninapompeleka mtu anayekwenda mara ya kwanza. Ni mji wenye uwanja wa ndege, hospitali, maduka na kampuni nyingi za waongozaji. Uko karibu digrii 70 kaskazini, lakini mkondo wa maji ya uvuguvugu baharini huzuia baridi kali, na mara nyingi majira ya baridi kipimo huwa digrii chache tu chini ya sifuri. Ubaya wake ni mawingu ya bahari. Dawa yake ni gari: waongozaji husoma ramani ya mawingu jioni, kisha huendesha saa mbili au tatu kuelekea bara, wakati mwingine mpaka ndani ya Ufini, kutafuta mahali palipo wazi. Kwa hiyo beba pasipoti kila usiku unaotoka na mwongozaji.

Abisko, upande wa Uswidi, ni kijiji kidogo kando ya ziwa Torneträsk. Milima iliyo magharibi yake huzuia mawingu yanayotoka Atlantiki, na mbingu yake inajulikana kwa kuwa wazi mara nyingi kuliko ya majirani. Unafika kwa treni kutoka Kiruna, au kwa treni ya usiku kutoka Stockholm. Ni baridi kuliko Tromsø na hakuna mengi ya kufanya mchana, lakini asiyetaka kulipia gari kila usiku atapata thamani ya pesa yake. Ukipita Kiruna, tenga nusu siku uutembee mji wenyewe. Ni mji wa mgodi wa chuma, na ardhi chini ya mitaa ya zamani imeanza kulegea kwa sababu ya uchimbaji, hivyo mji unahamishwa. Agosti 2025 kanisa lao la mbao la mwaka 1912 lilibebwa zima juu ya magari kwa kilomita 5. Kwa sisi wa Katanga, tunaojua mtaa unapoambiwa uondoke kwa sababu ya madini yaliyo chini yake, kutembea pale na kuuliza wenyeji walilipwaje ni somo la pekee.

Rovaniemi nchini Ufini ni rahisi kwa wenye watoto wadogo, ila iko kwenye ukingo wa kusini wa eneo zuri. Inari, zaidi kaskazini, ni bora. Iceland ina mandhari ya ajabu, lakini pia upepo na mawingu yanayobadilika kila saa.

Svalbard, visiwa vilivyo kaskazini kabisa, achana nayo safari ya kwanza. Ni ya Norwe lakini haimo ndani ya Schengen. Ukienda huko na viza ya kuingia mara moja, umeshatoka, na kurudi Oslo hakuruhusiwi.

Tarehe

Msimu wa Tromsø huanza Septemba na kwisha mwanzoni mwa Aprili. Baada ya hapo usiku huwa na mwanga mno. Kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Mchana unapata saa chache za rangi ya bluu, kisha giza linarudi. Watu huvutiwa na kipindi hicho, lakini mimi nachagua mwisho wa Februari mpaka katikati ya Machi: theluji imejaa, mchana una mwanga wa kutembea, usiku bado ni mrefu, na siku zinazokaribia tarehe 20 Machi sumaku ya dunia huelekea kutikisika zaidi kuliko katikati ya majira ya baridi. Tena tiketi za Desemba hupanda kwa sababu ya Noeli na ndugu wanaorudi nyumbani.

Mwezi mchanga ni mzuri kwa giza, ila usiuruhusu uamue tiketi yako. Mianga yenye nguvu huonekana hata chini ya mwezi mpevu, na theluji yenye mwanga wa mwezi hupendeza kwenye picha.

Lala usiku nne kwa uchache, tano ikiwezekana. Kila usiku ni nafasi mpya ya mawingu kufunguka, na nafasi hizo ndizo unazolipia safari hii. Kama pesa inaruhusu ama hoteli nzuri kwa usiku mbili, ama chumba cha kawaida kwa usiku tano, chukua cha pili bila kusita.

Viza: hapa ndipo safari nyingi za Wakongomani hufia

Norwe, Uswidi, Ufini na Iceland zote zimo katika Schengen. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Jibu la kawaida ni ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Kwa safari ya Machi, basi, karatasi zianze kukusanywa Oktoba, na pasipoti iwe mkononi kabla ya hapo. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu.

Unaomba kwa nchi utakakokaa siku nyingi zaidi. Hili linawaangusha wengi, kwa sababu mlango tunaoujua ni wa Ubelgiji. Ukilala usiku tano Tromsø na mbili Brussels kwa shangazi, ombi ni la Norwe. Kuomba Ubelgiji huku hoteli zako ziko Norwe ni kumpa afisa sababu ya kukataa, na hata ukipewa, polisi wa mpakani wanaweza kuifuta. Nchi nyingi za Schengen huwakilishwa na Ubelgiji mjini Kinshasa, kwenye kituo ambacho watu bado wanakiita Maison Schengen. Kwanza soma kwenye tovuti rasmi ya nchi unayokwenda ombi lake hupokelewa wapi, pata miadi iliyothibitishwa, ndipo ununue tiketi ya ndege ya Kinshasa. Kama hujawahi kutoa alama za vidole kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita, lazima uende mwenyewe.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka chini ya 12. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Juu yake kuna malipo ya huduma ya kituo. Ukikataliwa, pesa hairudi.

Afisa anatafuta majibu ya maswali mawili: pesa ya safari inatoka wapi, na nini kitakurudisha Lubumbashi. Jibu la kwanza ni taarifa za akaunti ya benki za miezi 3 au zaidi zinazoonyesha pesa ikiingia na kutoka kwa mtiririko wa kawaida. Dola elfu tano zilizoingia wiki moja kabla, kutoka kwa rafiki, zinaonekana mara moja. Ni heri akaunti ya wastani yenye historia. Jibu la pili ni maisha yako yenyewe kwenye karatasi: mkataba wa kazi, barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, karatasi za mishahara. Mfanyabiashara alete RCCM (hati ya kuandikishwa kwenye daftari la biashara), uthibitisho wa kodi na karatasi za duka au kampuni. Mwenye kiwanja alete hati, mwenye familia alete cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Ongeza bima ya safari yenye dhamana ya angalau euro 30,000 inayogharamia matibabu na kurudishwa nyumbani, nafasi za hoteli zinazoweza kufutwa, na uhifadhi wa ndege. Usilipe tiketi isiyorudishika kabla ya viza. Kisha andika barua ya ukurasa mmoja kwa Kifaransa au Kiingereza: unakwenda kuona nini, kwa nini Machi, utalala wapi kila usiku, nani analipa. Safari ya mianga ya kaskazini inaweza kumshangaza afisa aliyezoea maombi ya kutembelea ndugu. Barua iliyo wazi, yenye jina la mwongozaji uliyemhifadhi, humfanya aelewe kwamba unajua unakokwenda. Usimpe pasipoti yako mtu yeyote mjini anayeahidi kwamba anao watu ndani.

Ndege na mpaka

Njia nyepesi ni Ethiopian Airlines: uwanja wetu wa Luano mpaka Addis Ababa, kisha Oslo au Stockholm. Kutoka Oslo mpaka Tromsø ni kama saa 2 angani. Kupitia Brussels au Paris pia kunafaa, kwa kuwa viza yako inafanya kazi huko. Epuka tiketi ya bei ya chini inayopita London, maana Mkongomani anahitaji viza ya Uingereza hata kama habadilishi chochote ila ndege.

Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua sura na alama za vidole za wageni badala ya kugonga muhuri, kwa hiyo acha saa 3 au zaidi kabla ya ndege ya pili. Weka kwenye mkoba wa mkononi hoteli, bima, tiketi ya kurudi na uthibitisho wa pesa. Norwe hutaka mgeni awe na angalau kroner 500 kwa siku.

Nyama na maziwa kutoka Kongo haviruhusiwi kuingia, hata nyama iliyokaushwa. Unga wa mahindi ulio kwenye mfuko wake uliofungwa unaweza kuubeba, na kwenye nyumba ya kupanga yenye jiko, bukari na samaki wa kule vitakupunguzia gharama nyingi.

Mwili kwanza

Kama una ugonjwa wa selimundu, yaani wewe ni SS, zungumza na daktari wako kabla hata ya kuomba viza. Baridi na kukosa maji mwilini huamsha maumivu, na kusimama saa tatu kwenye digrii 20 chini ya sifuri ni hatari ya kweli. Mwenye pumu naye aulize, na abebe dawa zake ndani ya koti.

Ukipata homa ukiwa huko, au mtu mliyesafiri naye akipata, mwambie daktari neno la kwanza kabisa kwamba mmetoka eneo la malaria. Daktari wa mji wa theluji hufikiria mafua. Malaria inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya mbu kuuma, na kuchelewa kupima ndiko kunakoua.

Nguo sasa. Ndani ya nyumba za kule kuna joto kama la chumba chenye watu wengi, nje ni barafu, kwa hiyo unavaa kwa safu unazoweza kuvua. Safu inayogusa ngozi iwe ya sufu au kitambaa cha michezo, kamwe isiwe pamba. Pamba ikilowa jasho haikauki, na unyevu huo huiba joto lako. Juu yake pulovere nene, na juu kabisa koti na suruali zisizopitisha upepo. Tafuta kwanza kwenye mitumba, soko la Mzee Kabila au Kenya, kabla ya kununua Oslo kwa bei ya Oslo. Soma kibandiko cha ndani ujue kitambaa. Viatu viwe vikubwa kwa namba moja ili soksi mbili ziingie bila kubana, maana mguu uliobanwa hupoa haraka. Glavu za kidole kimoja, zinazotenga gumba tu, hutunza joto kuliko za vidole vitano. Waongozaji wengi hukopesha ovaroli nzito na buti. Uliza kabla ya kulipa, kwa kuwa hilo peke yake laweza kukuokolea pesa nyingi.

Mitaa ya Tromsø huwa barafu tupu. Nunua vile vyuma vya kufunga chini ya viatu siku ya kwanza, kwenye duka lolote la michezo.

Ngozi nyeusi haiwi nyekundu waziwazi inapoungua kwa baridi. Angalia ganzi, na mahali panapogeuka kijivu au kuwa pagumu, hasa vidole, masikio na pua. Ingia ndani, pashe moto polepole, usisugue na usitumie theluji. Paka mafuta mazito usoni na midomoni, kwa sababu hewa ile ni kavu kuliko kiangazi chetu.

Usiku wenyewe

Saa za Norwe ziko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja majira ya baridi. Mianga hupenda kuonekana kati ya saa 21:00 na saa 01:00, ingawa hailazimiki.

Kila jioni tazama mambo mawili, na la kwanza ni mawingu. Tumia Yr, programu ya taasisi ya hali ya hewa ya Norwe na redio ya taifa NRK. La pili ni jinsi Jua linavyotikisa sumaku ya dunia, jambo linalopimwa kwa Kp kuanzia 0 mpaka 9. Tromsø na Abisko, Kp 2 inatosha kabisa, hivyo usivunjike moyo ukiona namba ndogo. Satelaiti zilizo kilomita milioni 1.5 kuelekea Jua hupima upepo wake kabla haujatufikia, kwa hiyo utabiri wa kuaminika ni wa nusu saa mpaka saa moja mbele. Utabiri wa wiki nzima usiubebe moyoni.

Ukifika gizani, zima simu na uyape macho dakika 20. Mianga hafifu huonekana kwanza kama utepe mweupe wa kijivu, na wengi huudhani wingu. Piga picha ya kujaribu: ikiwa kijani kwenye kioo, ndiyo hiyo. Mianga ikipata nguvu rangi huonekana kwa macho, na utepe huanza kukunjika na kukimbia. Wasami, wenyeji wa nchi hiyo, walikataza tangu zamani kupiga mluzi chini yake. Kaa kimya nawe, ni adabu ya mgeni.

Kwa simu, tumia hali ya usiku ya sekunde 3 mpaka 10, simu ikiwa kwenye miguu mitatu, flashi imezimwa. Kwa kamera, lenzi pana iliyofunguliwa f/2.8 au karibu yake, ISO 1600 mpaka 3200, sekunde 2 mpaka 10: mianga ikikimbia punguza, ikitulia ongeza. Lenga nyota kwa mkono mpaka iwe nukta kali. Ondoa kichujio cha mbele ya lenzi, kwa maana huacha miduara kwenye picha. Betri hufa upesi kwenye baridi, weka ya akiba mfuko wa ndani. Unaporudi, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia ndani, uiache saa moja au mbili, ili unyevu usigande kwenye lenzi.

Pesa

Chumba cha kawaida Tromsø majira hayo mara nyingi huvuka dola 150 kwa usiku, na usiku mmoja na mwongozaji ni kati ya dola 100 na 200 kwa mtu. Lipia mwongozaji usiku mbili, zile ambazo Yr inaonyesha mawingu juu ya mji lakini bara pako wazi. Usiku zenye mbingu safi mjini, panda basi la mji mpaka mahali penye taa chache, bila gharama ya mwongozaji. Kukodi gari sikushauri. Barabara za barafu si za kujifunzia.

Maji ya bomba ni salama, usinunue ya chupa. Nunua chakula kwenye maduka ya Rema 1000 au Kiwi. Noti za dola zitakulemea tu, kwani karibu kila kitu hulipwa kwa kadi: fungua kadi ya Visa au Mastercard kwenye benki yako miezi kadhaa kabla, ijaribu hapa Lubumbashi, na uiambie benki tarehe na nchi ili wasiifunge. Acha dola kadhaa nzima, zisizochanika, kwa siku ya kurudi, na kadi ya njano ya chanjo iwe mkononi unapotua Luano, maana wanaiomba kabla ya pasipoti.